Sarafu za Uasi wa Slovakia, na watu sita waliouandaa

Hebu waza sarafu mbili zimelazwa mezani mbele yako. Zote mbili zimeandikwa koruna 50. Zote mbili ni za fedha, na hapa nasema fedha ile ya madini (Kiswahili chetu kina neno moja kwa madini na kwa pesa, kwa hiyo nivumilie). Zote zimefuliwa katika mji mmoja mdogo wa milimani, Kremnica, katikati ya Slovakia.

Ya kwanza ni ya mwaka 1944. Ina sura ya Jozef Tiso, padri wa Kikatoliki aliyekuwa rais wa Slovakia, na inaadhimisha miaka 5 ya dola yake. Ya pili ni ya 1947. Inaadhimisha miaka 3 ya uasi uliofanywa dhidi ya dola hiyohiyo na Wajerumani waliokuwa nyuma yake. Na mwaka huohuo wa 1947, mwezi Aprili, Tiso alinyongwa mjini Bratislava.

Kiwanda cha sarafu cha Kremnica kimekuwapo tangu 1328. Kimefanyia kazi wafalme wa Hungaria, makaisari wa Austria, Chekoslovakia, Tiso, Chekoslovakia tena, wakomunisti, na sasa jamhuri ya Slovakia. Kazi ya kiwanda ni kugonga chapa inayoletwa. Anayeamua nini kiandikwe hakai Kremnica. Ndiyo maana nadhani sarafu za uasi huu zinafaa kusomwa polepole, kwa sababu uasi ni mmoja lakini sarafu zake ni nyingi, na kila inapotoka mpya kuna mtu ameondolewa kwenye picha.

Tuanze na uasi wenyewe, maana wengi wetu shuleni tulisoma Vita Kuu ya Pili kupitia Stalingrad na Normandy, na Slovakia hatukuisikia kabisa.

Machi 1939 Hitler aliivunja Chekoslovakia. Upande wa Wacheki ukamezwa na Ujerumani, na Slovakia ikatangazwa kuwa dola huru. Huru kwa jina. Kulikuwa na chama kimoja, wanamgambo wake walioitwa Walinzi wa Hlinka, na mkono wa Berlin mgongoni. Mwaka 1942 serikali ya Tiso iliwakusanya raia wake Wayahudi wapatao 58,000 na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Karibu wote hawakurudi. Na ilikubali kuwalipa Wajerumani Reichsmark 500 kwa kila mtu aliyechukuliwa. Umesoma sawasawa: ilitoa hela ili watu wake wachukuliwe.

Desemba 1943 watu sita walikutana kwa siri na kuweka saini waraka unaoitwa Mapatano ya Krismasi. Watatu walikuwa wakomunisti: Gustáv Husák, Laco Novomeský na Karol Šmidke. Watatu walitoka upande wa kidemokrasia: Ján Ursíny, Jozef Lettrich na Matej Josko. Hawakupendana sana kisiasa, lakini walikubaliana mambo makubwa mawili. Kwanza, kuuangusha utawala wa Tiso. Pili, kuirudisha Chekoslovakia, ila safari hii Waslovakia wakiwa sawa na Wacheki, si mdogo wake. Yashike majina hayo sita. Tutayahitaji mbele.

Kazi ya kijeshi alipewa Luteni Kanali Ján Golian, afisa ndani ya jeshi la Tiso mwenyewe. Na kazi ya pesa? Hapa kuna mtu ambaye mimi binafsi namwona amesahauliwa mno: Imrich Karvaš, gavana wa benki kuu. Akiwa bado ofisini, na bado akipeana mikono na mawaziri wa Tiso, alihamishia kimyakimya mabilioni ya koruna kwenye tawi la Banská Bystrica, mji uliokuwa umechaguliwa kuwa makao ya uasi. Chakula na mafuta navyo vikasogezwa upande huo kwa visingizio vya kiofisi. Uasi mwingi duniani hufa njaa wiki ya pili. Huu ulikuwa na benki. Gestapo walimkamata Karvaš Septemba 1944 wakampeleka kambini Ujerumani.

Mpango ulikuwa kusubiri jeshi la Kisovieti lifike kwenye milima ya Karpati, kisha divisheni mbili za Kislovakia zilizokuwa mashariki zifungue njia. Haikwenda hivyo. Wapiganaji wa msituni, wengi wao wakiongozwa na maafisa walioshushwa kwa parashuti kutoka upande wa Kisovieti, walianza mapema. Wajerumani wakapata sababu ya kuingia, na tarehe 29 Agosti 1944 wakaingia. Jioni ileile Golian alitoa amri kwa maneno ya siri yaliyokuwa yamepangwa: "Začnite s vysťahovaním", yaani "anzeni kuhama". Kwa mtu asiyejua, ni kama habari za kuhamisha vyombo vya nyumba.

Zile divisheni mbili za mashariki, zilizokuwa na silaha nzuri kuliko zote, zilinyang'anywa silaha na Wajerumani ndani ya siku chache. Uasi ukabaki umezungukwa katikati ya nchi. Hata hivyo ulidumu miezi miwili. Kwa makadirio ya kawaida, ulipofika kileleni ulikuwa na askari kama 60,000 na wapiganaji wa msituni kama 18,000. Walikuwa na redio yao na kiwanja cha ndege, Tri Duby, ambako hata ndege kubwa za Marekani za B-17 zilitua na kuwachukua marubani waliokuwa wamedunguliwa. Walikuwamo Wafaransa waliotoroka kambi za mateka, Warusi, Wacheki, na Wayahudi waliotoka kambi za kazi za lazima.

Banská Bystrica ilianguka tarehe 27 Oktoba. Kesho yake Jenerali Rudolf Viest, aliyekuwa amefika kutoka London kushika uongozi, aliagiza wanajeshi waache vita vya wazi na waingie milimani. Siku mbili baadaye Tiso alifika kwenye mji huohuo, ikafanyika misa ya shukrani, naye akawavisha nishani askari wa Kijerumani. Viest na Golian walikamatwa tarehe 3 Desemba katika kijiji cha Pohronský Bukovec, wakapelekwa Ujerumani, na hawakurudi. Makaburi yao hayajulikani.

Kidogo kuhusu neno. Nimeandika "uasi", na najua kwa Kiswahili neno hilo lina harufu ya kosa: muasi ni mtu mbaya. Wajerumani waliziita Aufstand vita vyetu vya Majimaji, na sisi tukachagua kusema "vita". Waslovakia wanasema povstanie, neno linalotokana na kuinuka, kusimama. Nimebaki na "uasi" kwa sababu ndilo lililozoeleka, lakini usomapo hapa, sikia "kuinuka".

Sasa turudi mezani. Sarafu ya 1947 ina uzito wa gramu 10, na nusu yake ni fedha halisi. Gramu 5, basi. Ilitoka wakati Chekoslovakia ilikuwa bado na vyama vingi. Katika uchaguzi wa 1946 Chama cha Demokrasia, cha akina Lettrich na Ursíny, kilipata asilimia 62 ya kura upande wa Slovakia. Wakomunisti walipata 30. Kwa hesabu hiyo ungedhani sarafu ya uasi ni sherehe ya washindi wa kura. Kumbe ndiyo miezi ileile ambayo polisi, waliokuwa chini ya wakomunisti, walitangaza kugundua "njama" Slovakia. Njama hiyo ilimgusa katibu wa Ursíny, na Ursíny, mmoja wa sita wetu, akalazimika kujiuzulu unaibu waziri mkuu. Aliyekuwa akiongoza serikali ya upande wa Slovakia wakati huo ni Gustáv Husák, mwingine wa sita. Yaani sarafu inasherehekea mapatano yao, nao wawili wako pande mbili za mtego.

Februari 1948 wakomunisti walichukua nchi yote. Lettrich na Josko wakakimbilia ng'ambo. Ursíny akafungwa. Ikafuata zamu ya watu ambao hakuna angeweza kuwaita wasaliti bila kuona haya: Viliam Žingor, kamanda wa wapiganaji wa msituni aliyepigana na Wajerumani kwa mikono yake, alinyongwa Bratislava Desemba 1950. Kisha chama kikaanza kujila chenyewe. Mwaka 1951 Husák na Novomeský walikamatwa. Kosa lao liliitwa "uzalendo wa kibepari", ambalo ukilimenya unakuta ni lile jambo la pili la Mapatano ya Krismasi: Slovakia kuwa sawa na Wacheki. Šmidke alisukumwa pembeni na akafa Desemba 1952.

Katikati ya hayo kulikuja jambo linaloigusa sarafu yetu moja kwa moja. Juni 1953 serikali ilibadilisha pesa. Muda mfupi kabla, Rais Antonín Zápotocký alikuwa amewahakikishia wananchi kwamba sarafu yao ni imara na hakuna mabadiliko yanayokuja. Kisha ikatangazwa: pesa taslimu hadi koruna 300 kwa mtu zitabadilishwa 5 za zamani kwa 1 mpya, na zaidi ya hapo ni 50 kwa 1. Piga hesabu mwenyewe. Mtu aliyekuwa na koruna 1,000 ndani alipata 60 kwa zile 300 za kwanza, na 14 kwa 700 zilizobaki. Jumla 74. Wafanyakazi wa Plzeň waliingia barabarani, na wakazimwa kwa nguvu.

Chukua sasa sarafu ya uasi ya 1947. Ukiipeleka dirishani kwa kile kiwango kibaya, koruna 50 zako zinakuwa koruna 1. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ikatoa sarafu mpya za uasi, za kuadhimisha miaka 10: moja ya koruna 10 na nyingine ya koruna 25. Ile ya 10 ina uzito wa gramu 12, nusu fedha, yaani gramu 6 za fedha. Kwa hiyo aliyetii sheria mwaka 1953 alitoa gramu 5 za fedha kwa koruna 1, na mwaka uliofuata angetakiwa kulipa koruna 10 ili apate gramu 6. Aliyeificha ya kwanza kwenye soksi alibaki na gramu zake 5 palepale. Madini hayasikilizi hotuba.

Lakini hesabu hiyo siyo inayoninyima usingizi kuhusu sarafu za 1954. Ni tarehe. Tarehe 21 hadi 24 Aprili 1954, Husák na Novomeský walisimamishwa mahakamani Bratislava. Novomeský, ambaye pia alikuwa mshairi mkubwa, alipata miaka 10. Husák alipata kifungo cha maisha. Na mwaka huohuo dola iliyowafunga ikafua fedha kwa heshima ya uasi walioutengeneza.

Hesabu wale sita katika mwaka wa sarafu hiyo. Husák gerezani. Novomeský gerezani. Šmidke kaburini, na jina lake halitajwi kwa sifa. Lettrich ng'ambo. Josko ng'ambo. Ursíny ameshaonja jela na hana nafasi yoyote. Golian na Viest hawana hata makaburi. Karvaš, aliyehamisha mabilioni yale, alinusurika kambi za Ujerumani akarudi nyumbani, halafu wakomunisti nao wakamfunga. Sasa huo uasi uliopo kwenye sarafu, uliandaliwa na nani? Jibu la mwaka 1954 lilikuwa: Chama, kwa uongozi wa Moscow. Watu wenye nyuso na majina walikuwa usumbufu.

Huenda ukaniambia, sarafu ni kitu kidogo, kuna nafasi ya maneno mangapi pale? Kweli. Lakini yako mengine ambayo sarafu hizi hazikuyabeba hata yalipokuwa na nafasi ya kubebwa kwingineko, kwenye vitabu na hotuba za wakati ule. Karibu na Banská Bystrica kuna mahali panaitwa Kremnička. Jina linafanana na lile la mji wa sarafu, ni kama kusema "Kremnica ndogo". Baada ya uasi kuanguka, kikosi cha Kijerumani pamoja na wanamgambo wa Hlinka waliwapiga risasi hapo watu 747, wengi wao Wayahudi, wanawake na watoto wakiwemo. Mmoja wao alikuwa Haviva Reik, Myahudi aliyekulia jirani na hapo, akahamia Palestina, kisha akarudi kama mjumbe wa siri wakati wa uasi. Waliofyatua bunduki Kremnička hawakuwa Wajerumani peke yao, walikuwamo Waslovakia. Kwa miaka mingi ilipendeza zaidi kusema "mafashisti" na kupita.

Na upande wa pili pia. Katika kijiji cha Sklené, kilichokuwa cha Waslovakia wenye asili ya Kijerumani, wapiganaji wa msituni waliwaua wanaume 187 tarehe 21 Septemba 1944. Hili halifuti uhalali wa kumpinga Hitler na Tiso, na mtu akikuletea Sklené ili kukuambia pande zote zilikuwa sawa, mwulize kuhusu wale 58,000. Ila lilitokea, na waliokufa walikuwa watu wa kijiji.

Tuendelee na sarafu. Mwaka 1964 ilitoka ya koruna 10, miaka 20 ya uasi. Upepo ulikuwa umebadilika: Husák alitoka gerezani kwa msamaha wa 1960, na 1963 hukumu yake ikafutwa. Mwaka ule wa sarafu alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu uasi. Nikita Khrushchev alikuja Banská Bystrica kwenye maadhimisho, wiki chache kabla naye hajaangushwa huko kwao. Hii ndiyo sarafu ambayo kidogo inakaribia kusema kweli, nadhani, kwa kuwa angalau mmoja wa wenye uasi alikuwa huru na anaandika.

Kisha 1969, koruna 25, miaka 25. Hapa naomba utulie kidogo.

Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia kuzima mageuzi ya Alexander Dubček. Dubček ni nani katika habari yetu? Ni kijana aliyepigana kwenye uasi wa 1944 na kujeruhiwa, na ndugu yake Július aliuawa katika mapambano hayo. Aprili 1969 aliondolewa kwenye uongozi wa chama. Aliyeketi kwenye kiti chake ni Gustáv Husák. Mfungwa wa maisha wa 1954 sasa ndiye mkubwa kuliko wote, kwa baraka za vifaru vya kigeni. Agosti 1969, ulipotimia mwaka mmoja wa uvamizi, watu waliandamana Praha na miji mingine. Polisi na jeshi wakawapiga, na wengine wakauawa. Siku chache baadaye yakafanyika maadhimisho ya miaka 25 ya uasi. Mwaka huohuo lilifunguliwa Banská Bystrica jumba la makumbusho la uasi, kazi ya msanifu Dušan Kuzma: zege kubwa lililopasuliwa katikati. Ukipata nafasi, tafuta picha yake. Ni jengo zuri kweli, silisemi hilo kwa kejeli.

Kwa hiyo sarafu ya 1969 ilitolewa na mtu aliyeuandaa uasi, katika nchi iliyojaa askari wa kigeni ambao hakuna aliyewaalika kwa kura. Ukisema uasi hatimaye umerudi kwa mwenyewe, si uongo. Husák aliupa heshima zaidi, na alijipa nafasi kubwa ndani yake. Wale watatu wa upande wa kidemokrasia walibaki nje kama kawaida. Aliongoza nchi hiyo hadi miaka ya 1980, akiwa rais tangu 1975 mpaka alipojiuzulu Desemba 1989, na watu wengi waliopoteza kazi kwa sababu ya maoni yao walizipoteza chini yake.

Leo 29 Agosti ni sikukuu ya taifa nchini Slovakia, na bado kuna Waslovakia wanaomkumbuka Tiso kwa sifa, kama vile sarafu ya 1944 bado iko mezani. Kwa wakusanyaji hizi si vitu adimu sana. Ukikutana na moja, igeuze utafute mwaka kwanza: 1947, 1954, 1964 au 1969. Kisha uulize sita wale walikuwa wapi mwaka huo.

Jozef Lettrich, mmoja wao, alifariki New York tarehe 29 Novemba 1969. Sarafu ya koruna 25 ilikuwa tayari imetoka.